Kitabu Nilichomsomea Mama

Maziwa yakikaribia kufurika yana harufu yake, na mtu aliyelelewa na watu wa ng'ombe huisikia hata akiwa nje ya nyumba. Ni harufu tamu yenye moshi ndani yake, kwa sababu kwetu maziwa yalichemshwa juu ya makala, yaani makaa, na msimu wa mvua makala hayakauki vizuri. Nikiisikia leo, hapa Ndosho ninapoishi, mjini Goma, nakumbuka nyumba ya mbao tuliyopanga mtaa wa Murara mwaka niliokuwa darasa la tano. Mvua ilipiga mabati tangu saa nane mchana, maji meusi yakapita kati ya mawe ya volkano pale mlangoni, na Mama akainama juu ya sufuria na mwiko mkononi akizungumza na maziwa kama mtu anayembembeleza mgeni asiondoke. "Ngoja kwanza," alikuwa akiyaambia. "Ngoja. Usinifanyie vile."

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, hasa nikikutana na mapishi ya siku hizi. Mtu anakuahidi supu. Sentensi ya kwanza anakuambia ufungue mkebe, ya pili umimine pakiti, ya tatu utie kibe, yale matofali madogo ya mchuzi, na ya nne anakupongeza kwamba supu iko tayari. Sasa hapo umepika nini? Umefungua tu! Juma lililopita binti yangu alinisomea kwenye simu pishi la sombe, yale majani ya muhogo, lililoanza kwa kusema: chukua mfuko wa sombe iliyokwisha kutwangwa. Nikamwambia azime hiyo simu. Kutwanga ndiyo sombe yenyewe, na aliyeruka hapo ameruka pishi zima. Binti yangu alicheka, akasema, "Mama, unagombana na simu." Ni kweli, nagombana nayo. Lakini ugomvi huu ulianza kabla simu hazijaingia nyumbani kwetu, nikiwa na miaka kumi.

Mama na mimi tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Masisi miezi michache kabla ya mvua hizo. Papa alibaki juu na ng'ombe wachache waliosalia. Shule ya kule ilikuwa imefungwa na walimu wametawanyika, na Mama aliapa kwamba mtoto wake hatakaa nyumbani akichunga ndama hali ana kichwa cha kusoma. Nilikuwa nacho kweli, na nilipenda shule kwa namna ya kuudhi watu: nilisoma maandishi ya kwenye magunia, ya kwenye vibao vya maduka, ya kwenye migongo ya fulana za wapita njia. Lakini kukaa mjini bila kazi hakuwezekani, na Mama hakunificha. Aliniambia siku moja tukianua nguo, mvua ikija: "Nikipata kazi, tunabaki na unasoma. Nikikosa, mwisho wa mwezi tunapanda tena mulimani kwa Papa yako." Hakusema kwa ukali. Alisema, kisha akaendelea kukunja nguo.

Kazi iliyopatikana ilikuwa ya upishi katika nyumba ya wageni iliyokuwa upande wa ziwa. Msimamizi wake, Madamu Odette, alikuwa mwanamke mrefu, mwenyeji wa Goma, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee ili wasikie. Alimpa Mama esei, yaani jaribio la siku moja: Jumamosi apike chakula cha mchana cha wageni, supu ya nyanya, kuku na viazi vya kuponda, halafu keki. Akamkabidhi kitabu cha mapishi cha Kifaransa chenye jalada gumu. "Wageni wangu wamezoea chakula ya hiki kitabu," akamwambia. "Fuata vile imeandikwa. Usiongeze, usipunguze." Mama alisoma Kiswahili cha Biblia polepole, kidole chini ya kila neno. Kifaransa hakukijua hata kidogo, lakini hakumwambia Madamu Odette jambo hilo. Aliomba tu kwamba siku ya Jumamosi aje na mtoto wake, akakubaliwa. Akakifunga kitabu ndani ya sashe kisilowe, akakileta nyumbani.

Kwa asiyetujua, sashe kwetu ni mfuko wa plastiki wowote, mkubwa wa kubebea nguo au mdogo wa kufungia chumvi ya siku moja. Neno lenyewe tulilitoa kwenye Kifaransa tukalifanya letu, na karibu lituponze.

Basi kila nilipotoka shule nilikaa juu ya bidoni, dumu letu la maji, kitabu mapajani, nikisoma Kifaransa na kukigeuza Kiswahili, naye Mama amesimama mbele yangu mikono nyuma utadhani yeye ndiye mwanafunzi. Tulianza na supu. "Fungua mkebe wa nyanya zilizomenywa," nikasoma. Mama akasubiri. "Tia kibe mbili za kuku." Akaniuliza huyo kuku aliingia aje mule, nami sikujua. "Mwisho, mimina krimu ya boksi." Mama akauliza, "Na kupika je? Anapika wapi?" Nikautafuta mstari wa kupika, nikapata neno moja tu lililosema pasha moto. Kisha tukafika kwenye viazi. "Chukua pakiti ya viazi," nikasoma.

"Gunia?" Mama akauliza.

"Pakiti, Mama. Ni viazi vya unga. Unavimwagia maji ya moto."

Mama alikaa chini. Sisi tumetoka mahali ambapo viazi huchimbwa hadi mgongo unakataa kunyooka, ambapo mtoto anajua kutofautisha kiazi cha kuchemsha na cha kuchoma kabla hajajua herufi. "Subiri," akasema. "Mutu alichukua kiazi, akakipika, akakikausha, akakisaga, akakitia mu pakiti, ili mutu mwingine akirudishe kuwa kiazi?"

"Njo vile, Mama," nikamjibu kwamba ndivyo.

"Kwani kiazi kilimukosea nini?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Jirani akagonga ukuta wa mbao kuuliza kuna nini, tukashindwa hata kumjibu. Halafu Mama akajifuta macho kwa kitenge. "Lakini hao ni batu basomi," akasema. "Kama waliandika vile, wana sababu. Sisi tufuate tu." Mimi niliyekuwa bado nacheka nilijisikia vibaya, kwa sababu sikuwahi kumsikia Mama akijishusha kwenye jambo la chakula. Kwa mambo mengine, ndiyo. Kwa chakula, hapana kabisa.

Alhamisi tuliamua kujaribu keki, maana ndiyo iliyomtisha zaidi. Kitabu kilitaka unga, sukari, mayai, siagi, na "sashe moja ya levire", ile poda ya kuumulia keki. Nilitumwa kwa Papa Bahati, mwenye duka la kona yetu, nikamwomba sashe moja ya levire kama kitabu kilivyosema. Papa Bahati alinunua levire kwa kopo kubwa akaipima mwenyewe katika mifuko myembamba, akaifunga fundo na kuitundika msumarini, na mfuko wake mmoja ulijaa kiganja cha mtu mzima. Mwanamke mwenye kuuza mandazi alikuwa akiutumia siku nyingi. Nilipoufikisha nyumbani, Mama aliupima kwa mkono, akaguna. "Hii si mingi?" Nikamwonyesha mstari. "Imeandikwa sashe moja, Mama." "Yote?" "Sashe moja." Akautazama tena mfuko, akanitazama mimi, akautazama ule mstari asioweza kuusoma, kisha akafungua fundo na kumwaga levire yote kwenye unga. Nakumbuka mkono wake ulisita hewani. Mkono ulijua.

Tulioka jinsi inavyookwa kwetu, sufuria juu ya makala na makala mengine juu ya kifuniko. Keki ilipanda kwa haraka ya ajabu, ikainua kifuniko, makala yakaporomoka sakafuni, unga ukafurika kila upande, halafu yote ikazama katikati ikabaki shimo. Tulionja kwa sababu haikuwezekana kutupa bila kuonja. Ilikuwa na ladha ya sabuni. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba sashe ya kile kitabu ni kijipakiti cha karatasi kutoka kiwandani, chenye kama vijiko viwili vya chai. Mwandishi hakuona haja ya kusema. Alidhani dunia nzima inanunua kwenye duka lake. Hilo ndilo linalonikera mpaka kesho: pishi la pakiti halikufundishi kipimo, linakufundisha jina la pakiti, na siku usipoipata pakiti unabaki umesimama jikoni hujui la kufanya.

Nilingoja kugombezwa. Mama hakunigombeza. Alikwangua sufuria, akaikwangua tena pale palipokwisha kuwa safi, akasema bila kunitazama, "Si kosa yako. Njo mikono yangu. Mikono ya mulimani haiwezi chakula ya kitabu." Kisha akaanza kutaja vitu tutakavyotangulia kuvifunga tukiondoka, blanketi kwanza, halafu sufuria kubwa, na kwamba madaftari yangu angeyafunga yeye mwenyewe yasije yakalowa njiani. Aliyesema maneno hayo ndiye aliyekuwa akiitwa na majirani kupika kila penye harusi au msiba. Nilitoka nje nikasimama mvuani nikalia. Nililia kwa ajili ya shule, sitadanganya, lakini zaidi nililia kwa sababu ya ile mikono.

Ijumaa mchana nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa viazi, nikaweka kidole juu ya mstari wa pakiti, nikasoma: "Menya viazi, uvichemshe na chumvi." Nikaendelea: "Vikiiva mwaga maji, urudishe sufuria juu ya makala kidogo, vikauke."

Mama aliinua kichwa. Kule kuvikausha viazi kabla ya kuviponda kulikuwa desturi ya bibi yangu, mama yake, aliyefariki nikiwa mdogo na ambaye sisi wote tulimwita Nyogokuru tu, yaani bibi. "Imeandikwa vile?"

"Imeandikwa. Siku ile nilisoma vibaya, Mama. Kifaransa cha kitabu ni kigumu. Sasa sikiliza: ponda vikiwa bado moto. Tia maziwa, lakini yawe ya moto, usitie ya baridi. Halafu tia mavuta ya ng'ombe."

Mama alipiga makofi. "Eh! Kumbe nao wanajua! Hii ni ya mama yangu kabisa!" Uso wake ulifunguka, akaanza kuzunguka chumbani, na mimi nilipoona hivyo sikuweza tena kuacha. Nikamsomea supu: mifupa ya kuku ichemshwe taratibu na seleri na puwaro, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, nyanya zichomwe juu ya makala zimenywe, utando wa maziwa yaliyolala utiwe mwisho. Nikamsomea keki: mayai yapigwe mpaka mkono uchoke, levire kijiko kimoja cha chai. Kitabu kizima nilikigeuza mchana ule. Wala sikubuni kitu, kila nililosema nilikuwa nimemwona Mama akilifanya, au nimemsikia akisimulia jinsi Nyogokuru alivyolifanya. Labda ndiyo sababu uongo wenyewe ulitoka kirahisi.

Jumamosi tulifika kwenye ile nyumba ya wageni asubuhi. Jikoni kulikuwa na rafu ambayo Madamu Odette alikuwa ameipanga tayari: pakiti za viazi, mikebe ya nyanya, kibe, boksi la krimu. Pembeni, karibu na mlango wa nyuma, palikuwa na gunia la viazi vya Masisi na bidoni ya maziwa, na hivyo vilikuwa vya chakula cha wafanyakazi. Yaani wageni wale unga, na walinzi wa getini wale viazi! Mama hakuitazama rafu mara mbili. Alifunga kitenge kiunoni, akalifungua gunia, akaanza kumenya, nami nikakaa kwenye kigoda nikimsomea kwa sauti kutoka kwenye kitabu ambacho sikuwa nakisoma. Alipika bila kusita. Alionja kwa kiganja, akaongeza chumvi kabla sijafika kwenye mstari wa chumvi, na mara mbili alinikosoa: "Hapo ulirukisha, lazima wameandika upunguze moto." Nikamwambia ndiyo, Mama, wameandika.

Sahani zilirudi tupu. Baada ya hapo akaja Madamu Odette, akasimama mbele ya rafu. Pakiti zilikuwa zimekaa vilevile alivyoziweka. "Mama Mapendo," akasema kwa sauti yake ile ya chini, akimwita kwa jina langu mimi mwanawe, "umepika na nini?"

"Na viazi, Madamu. Viazi ya gunia."

"Nilikuambia ufuate kitabu."

"Nilikifuata. Mutoto alinisomea neno kwa neno."

Madamu Odette alikichukua kitabu mikononi mwangu, akasoma ukurasa wa viazi kuanzia juu hadi chini, akaufunua wa supu, akausoma nao. Kisha akanirudishia. "Nisomee na mimi," akasema. Ningefanya nini? Niliweka kidole palepale kwenye pakiti, nikasoma uongo wangu wote, kumenya, kuchemsha, kukausha, maziwa ya moto, na kila sentensi Mama alitikisa kichwa kwa furaha kando yangu, akithibitisha. Madamu Odette hakumtazama Mama hata mara moja. Alinitazama mimi tu, mpaka nikamaliza. Akafunga kitabu. "Njo vile imeandikwa," akasema. Halafu akamgeukia Mama na kumwambia aje Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na asichelewe.

Mama alipika pale miaka mingi. Nilibaki shuleni, nikamaliza, nikawa mwalimu, na ndivyo nilivyo hadi sasa. Jina la Mama lilitoka Murara likafika hadi Kanyaruchinya, nje ya mji, na wanawake waliokuja kujifunza kwake walisikia sentensi ileile kila mara: kitabu kinasema viazi vikaushwe, kitabu kinasema maziwa yawe ya moto. Mwanzoni nilifurahia mchezo huo moyoni mwangu. Baadaye nikauzoea. Siku hizi rafu za maduka ya Goma zimejaa pakiti kuliko za Madamu Odette, na sizilaumu sana, kwa sababu viazi vya Masisi vinafika au havifiki kulingana na barabara ilivyoamka, na mtu aliyefungiwa njia anapika alicho nacho. Ninachokataa ni mtu mwenye kiazi mkononi kuambiwa kwamba kiazi chake si chakula mpaka kipite kiwandani.

Mwezi uliopita binti yangu alianza kuandika mapishi ya Mama katika daftari. Mama anaishi nasi sasa, mikono inamtetemeka lakini bado anamenya mwenyewe. Mtoto akamuuliza bibi yake, "Koko, hii ya viazi uliitoa wapi?" Mama akajibu bila kufikiri, "Ni ya Bazungu, mutoto wangu. Mimi nilifuata tu." Na binti yangu akaandika juu ya ukurasa, kwa mwandiko wake mzuri: Viazi vya Wazungu. Nilipoyaona maneno hayo kwenye karatasi nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia. Nikaketi mbele ya Mama nikamwambia yote, ile pakiti, kile kidole, Madamu Odette.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka kisu chini. "Basi siku ile nilipika chakula ya mama yangu?"

"Ya mama yako, na yako."

"Na batu wakamaliza sahani."

"Wakamaliza, Mama."

Macho yalimjaa machozi. "Miaka yote hii nimewashukuru batu nisiowajua," akasema, "na mama yangu alikuwa mule mu sufuria, sikumushukuru hata siku moja. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, Mama."

"Kumi iliisha zamani, Mapendo."

Mama alimvuta binti yangu karibu, akamwambia akate yale maneno ya juu ya ukurasa aandike Nyirabahire, ambalo ndilo lilikuwa jina la Nyogokuru. Mtoto akauliza linaandikwaje. Mama akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona limeandikwa mahali popote, kwa hiyo tulikaa sote watatu tukilitamka polepole, tena na tena, mpaka tukakubaliana herufi zake.